Leseni na Sheria za Kuwinda Bata Mzinga wa Porini Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila inapofika Machi, watu wetu walioko Marekani, kuanzia Des Moines hadi Portland ya Maine, huanza kuulizana maswali yale yale kuhusu bata mzinga wa porini. Tumeyakusanya hapa. Majibu yanahusu zaidi msimu wa machipuko, maana huo ndio wenye wawindaji wengi. Ada tumeziacha makusudi kwa kuwa hupanda kila mara. Sheria nazo hubadilika, kwa hiyo kabla ya kutoka nyumbani fungua kijitabu cha jimbo lako cha mwaka huu, si kile alichokuachia rafiki msimu uliopita.

## Mambo ya mwanzo

Ndege yuko porini, hana mwenyewe. Leseni ya nini?

Mwenyewe yupo: ni umma, na jimbo ndilo linalomsimamia kwa niaba ya umma. Hata akilala juu ya mti ulio kwenye shamba lako, si wako mpaka umpate kwa njia inayokubalika. Kumuua bila leseni kunaleta faini, na mara nyingi kunyang'anywa bunduki na kufungiwa kuwinda kwa miaka.

Waliokulia Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, hushangaa kwa upande wa pili: kwamba huku jambo hili ni halali, na ukimpigia simu askari wa wanyamapori atakueleza hata maeneo ya kwenda.

Kwa nini kila jimbo lina sheria zake?

Bata wa majini na ndege wengine wanaohama hulindwa na sheria ya serikali kuu kwa sababu wanavuka mipaka. Bata mzinga hahami. Anazaliwa, anakua na kufa ndani ya maili chache, kwa hiyo serikali kuu imeyaachia majimbo. Yanapatikana majimbo 49 yenye ndege huyu (Alaska pekee hayuko), na kila moja hujipangia msimu, saa, silaha na idadi. Mtu akikuambia "sheria ya Marekani inasema hivi kuhusu bata mzinga", muulize kwanza: jimbo gani?

Serikali kuu huingia mahali patatu tu: nani anaruhusiwa kushika bunduki, matumizi ya ardhi yake yenyewe, na kuvusha mpaka wa jimbo ndege aliyepatikana kinyume cha sheria.

Msimu ni lini?

Wa machipuko huangukia Aprili na Mei katika majimbo mengi. Florida huanza mapema zaidi, mwezi Machi upande wa kusini. New York ni Mei 1 hadi 31. Missouri hufungua Jumatatu iliyo karibu zaidi na Aprili 21. Majimbo mengi yana pia msimu wa mapukutiko, kati ya Septemba na Desemba au hata Januari, lakini huo unazidi kupunguzwa. Kansas iliusimamisha mwaka 2023 baada ya idadi ya ndege kushuka.

Pesa za leseni zinakwenda wapi?

Kwa idara ya wanyamapori ya jimbo, na sheria inakataza zipelekwe kwingine. Juu ya hizo kuna kodi ya serikali kuu ya tangu mwaka 1937: asilimia 11 ya bei ya bunduki ndefu na risasi hukatwa kiwandani, kisha hugawiwa majimbo. Watu hunung'unikia ada, lakini mwanzoni mwa karne ya 20 ndege huyu alikuwa ametoweka katika majimbo mengi. Alirudishwa kwa kunaswa na nyavu zinazorushwa kwa mizinga midogo, kusafirishwa ndani ya masanduku na kuachiwa mahali alipokwisha. Kazi hiyo ililipwa kwa pesa hizi. Mimi sioni cha kunung'unikia.

## Karatasi

Leseni, kibali na tagi vina tofauti gani?

Leseni ya uwindaji inakutambulisha kama mwindaji kwa mwaka huo. Kibali cha bata mzinga kinakuruhusu kumtafuta ndege huyu hasa. Tagi ni kile kipande unachomfunga ndege baada ya kumuua. Tagi moja, ndege mmoja.

Mpangilio ndio unaotofautiana. Pennsylvania, leseni ya kawaida inakuja na tagi moja ya machipuko, na anayetaka ndege wa pili hununua leseni ya ziada kabla msimu haujafunguliwa. Texas, tagi zimo ndani ya leseni, ila lazima uongeze kibali cha ndege wa nchi kavu. Iowa hudai leseni, ada ya makazi ya wanyama, na tagi. Wengi wanaokamatwa si majangili. Wamenunua karatasi moja wakadhani imetosha.

Lazima nisome kozi ya usalama?

Karibu kila mahali, ndiyo, na jibu linategemea tarehe yako ya kuzaliwa. Texas inaidai kwa aliyezaliwa Septemba 2, 1971 au baadaye. Missouri, Januari 1, 1967 au baadaye. Minnesota, baada ya Desemba 31, 1979. Pennsylvania na New York hazijali umri: kama hujawahi kuwa na leseni wala cheti, unasoma.

Cheti cha jimbo moja kinatambuliwa na mengine yote, na hakiishi muda. Texas, mwenye miaka 17 na kuendelea anaweza kumaliza kozi yote mtandaoni. Kama Kiingereza bado kinakupa shida, zungumza na mwalimu wa kozi kabla ya siku ya mtihani, uulize kama mkalimani anaruhusiwa. Usinyamaze ukategemea bahati. Maswali ya namna ya kubeba bunduki hayafai kukisiwa.

Naweza kujaribu kwanza kabla ya kozi?

Majimbo mengi yana leseni ya mwanagenzi: unatoka ukiwa na mtu mzima mwenye leseni, naye lazima awe karibu nawe, si kwenye gari upande wa pili wa kilima. Ohio, Michigan na Missouri wanayo. Texas humruhusu mtu wa miaka 17 na zaidi kuahirisha kozi mara moja tu maishani.

Nimehamia jimbo hili juzi. Mimi ni mkazi au mgeni?

Leseni ya mgeni inaweza kuwa ghali mara nyingi zaidi, ndiyo maana swali hili haliishi. Missouri inakuhesabu mkazi baada ya siku 30, Minnesota siku 60, Texas na Ohio miezi 6. Kuwa na nyumba au ndugu pale hakutoshi, na huwezi kuwa mkazi wa majimbo mawili kwa wakati mmoja. Kudanganya hapa ni kosa linalogundulika kirahisi, maana leseni ya udereva inaonyesha tarehe.

Mbona wananiuliza namba ya Social Security?

Sheria ya serikali kuu ya miaka ya 1990 inataka majimbo yaichukue kwa leseni zote, hata za burudani, ili kuwafuatilia wasiolipa matunzo ya watoto. Haihusiani na uhamiaji. Usiye na namba hiyo, usibuni. Ulizia utaratibu wa jimbo kwa wasio nayo.

Nimesikia kuna kura. Ni kweli?

Kwa baadhi. Wisconsin imegawa jimbo katika kanda na vipindi vya siku saba. Unaomba kabla ya Desemba 10 na vibali vinavyobaki huuzwa baadaye. Iowa na Kansas huwachezesha kura wasio wakazi. Ukisubiri Aprili, umechelewa.

## Wasio raia na bunduki

Soma sehemu hii yote hata kama unadhani haikuhusu. Leseni ya uwindaji na haki ya kushika bunduki ni vitu viwili. Karani wa duka la uvuvi atakuuzia leseni bila kukuuliza hadhi yako, na hilo halimaanishi kwamba umeruhusiwa kushika silaha.

Nina grini kadi. Naweza kununua bunduki?

Sheria ya serikali kuu haikuzuii. Unajaza fomu namba 4473 dukani, unaonyesha kitambulisho cha jimbo unaloishi na namba yako ya uhamiaji, kisha unachunguzwa. Umri wa chini kwa shotgani dukani ni miaka 18, ingawa kuna majimbo yaliyoupandisha. Baadhi hudai karatasi ya ziada: Illinois, kwa mfano, mkazi haruhusiwi kumiliki hata risasi bila kadi ya jimbo ya wamiliki wa silaha.

Mimi ni mkimbizi niliyeletwa na mpango wa makazi mapya, kadi bado.

Aliyeingia kihalali kama mkimbizi au aliyekwisha kupewa hifadhi hayumo kwenye orodha ya serikali kuu ya waliokatazwa kwa sababu ya uhamiaji. Kikwazo cha kawaida ni karatasi za kuthibitisha makazi. Lakini kama kesi yako ya hifadhi bado inasubiri, usiguse bunduki kabla ya kuongea na mwanasheria wa uhamiaji.

Nina viza ya masomo au ya kutembelea.

Mwenye viza ya muda amekatazwa kushika bunduki na risasi, isipokuwa ana leseni ya uwindaji iliyo hai ya jimbo lolote la Marekani. Hapa mpangilio ni kila kitu: leseni kwanza, bunduki baadaye, hata ya kuazima. Siku leseni inapoisha, ruhusa nayo imekwisha.

Shemeji yangu anaruhusiwa, mimi siruhusiwi. Aninunulie?

Hapana. Kumnunulia bunduki mtu aliyekatazwa ni kosa la serikali kuu kwenu wote wawili. Na kwa asiye raia, hatia ya kosa la silaha ni miongoni mwa sababu za kufukuzwa nchini. Familia isivurugike kwa ajili ya ndege.

Je, kuna njia ya kuwinda bila bunduki kabisa?

Ipo: upinde na mishale. Sheria ya serikali kuu ya silaha za moto haiugusi, na majimbo yanauruhusu kwa bata mzinga. Leseni, kibali na tagi vinabaki vile vile. Onyo pekee ni kwamba ndege huyu huona vizuri mno, na kuvuta upinde bila kumshtua ni kazi.

## Siku yenyewe

Ni ndege gani ninayeruhusiwa kupiga?

Msimu wa machipuko ni dume, au katika majimbo mengi "ndege mwenye ndevu zinazoonekana". Ndevu ni kile kishada cheusi kama nywele za brashi kinachoning'inia kifuani. Sheria imeandikwa hivyo kwa sababu majike wachache nao huota ndevu, na mwindaji hawezi kumkagua ndege aliye hai umbali wa yadi 40. Mkoa wa kusini ni mkali zaidi: Mississippi humtaka mtu mzima apige dume aliyekomaa au mwenye ndevu za inchi 6, na madume wachanga ni wa vijana tu.

Usipige kwa kusikia mlio. Jike hulia, dume hulia, na mwindaji mwenzako aliyejificha kwenye kichaka analia vizuri kuliko wote wawili.

Wangapi kwa msimu?

Ohio ni 1 tangu mwaka 2022, kabla yake walikuwa 2. New York 2 kwa machipuko, mmoja kwa siku. Missouri 2. Alabama 4, baada ya kushushwa kutoka 5. Texas inaruhusu hadi 4 kwa mwaka, lakini kaunti za mashariki zenye bata mzinga wa aina ya mashariki ni dume 1 tu. Mwelekeo ni wa kushuka, hasa kusini-mashariki, ambako vifaranga wanaokua ni wachache kuliko zamani.

Saa ngapi naanza na saa ngapi naacha?

Kuanza ni nusu saa kabla ya jua kuchomoza, karibu kila jimbo. Kuacha ndiko kunakovuruga watu. New York ni saa 6 mchana. Missouri, tangu 2025, ni saa 7 mchana kwenye ardhi ya umma lakini hadi machweo kwenye ardhi ya mtu binafsi. Pennsylvania husimama saa 6 mchana sehemu ya kwanza ya msimu, halafu hufungua siku nzima. Sababu ya kufunga mchana ni kuyapunguzia majike usumbufu wakati wa kutaga na kuatamia.

Silaha gani?

Shotgani yenye marisau, zile chembe ndogo za risasi, ndiyo kawaida. Raifo imekatazwa katika majimbo mengi. Texas inairuhusu nje ya kaunti za mashariki. Missouri inataka marisau yasizidi ukubwa namba 4 na bunduki isiyoweza kubeba zaidi ya risasi 3 kwa jumla. Angalia: namba inavyokuwa ndogo ndivyo chembe inavyokuwa kubwa, kwa hiyo namba 2 ni kosa, namba 6 ni halali. California imekataza risasi zenye risasi nyeusi, yaani madini ya ledi, kwa uwindaji wote tangu Julai 1, 2019.

Naweza kumwaga mahindi ili ndege ayafuate?

Majimbo mengi yanakataza, na si siku ile tu. Mahali palipomwagwa nafaka huhesabiwa pana chambo kwa siku kadhaa hata baada ya kuondolewa. Texas ni tofauti, inaruhusu isipokuwa kwenye kaunti za mashariki. Mlio uliorekodiwa kwenye simu nao umekatazwa sehemu nyingi. Vifaa vya mkono vya kuiga mlio wa ndege, kama kisanduku cha mbao, kipande cha sileti, au cha kuweka kinywani, vinaruhusiwa, na sanamu za ndege pia, ila Alabama inazizuia siku 10 za kwanza.

Wapi naruhusiwa?

Misitu ya taifa kama Mark Twain huko Missouri iko wazi kwa mwenye leseni. Maeneo ya wanyamapori ya jimbo huwa na masharti yake ya ziada, tena yamebandikwa kwenye kibao cha maegesho, yasome. Texas karibu ardhi yote ni ya watu binafsi, hivyo wengi hununua kibali cha mwaka cha ardhi ya umma.

Kwa shamba la mtu, omba ruhusa. Ohio inataka iwe kwa maandishi. Missouri na Texas, mstari wa rangi ya zambarau kwenye mti au nguzo una nguvu ya kibao cha "usiingie", hata kama hakuna neno lililoandikwa. Tumeona watu wakidhani ni alama za wapima ardhi.

Nivae nini?

Nguo za rangi ya majani, lakini pasiwe na nyekundu, nyeupe wala buluu mwilini, hata soksi au kitambaa cha jasho. Hizo ndizo rangi za kichwa cha dume. Kaa umeegemea mti mpana kuliko mabega yako. Ukimwona mtu anakuja, usimpungie mkono. Sema kwa sauti. Ukitembea, hasa na ndege begani, vaa kitu cha rangi ya chungwa inayong'aa hata kama jimbo lako halilazimishi machipuko.

Jumapili?

Maine na Massachusetts hawawindi Jumapili. Maine kuna watu waliokwenda mahakamani wakidai katiba ya jimbo inawapa haki ya chakula. Mwaka 2024 mahakama kuu ya jimbo iliwakatalia. Pennsylvania ilifuta marufuku yake ya zamani mwaka 2025, lakini siku zinazoruhusiwa huamuliwa kwa kila msimu.

## Ndege akiwa chini

Nafanya nini kwanza?

Toa risasi kwenye bunduki. Halafu tagi, kabla hujapiga picha wala kumhamisha. Piga goti, mshike mguu juu ya ile kucha kali ya nyuma, toboa au kata mwezi na tarehe kama karatasi inavyoelekeza, ifunge kwa uzi uliokuja nao. Kalamu ya wino hukataa kuandika asubuhi yenye umande, beba penseli. Penye leseni ya kwenye simu, unaingiza taarifa kwenye programu ya jimbo na kuandika namba unayopewa.

Lazima niripoti?

Majimbo mengi, ndiyo, kwa simu au mtandaoni. Ohio ni kabla ya saa 5:30 usiku wa siku hiyo hiyo. Maine ndani ya saa 18. Iowa kabla ya usiku wa manane wa siku inayofuata. Pennsylvania inakupa siku 10. Tagi bila ripoti haitoshi.

Sisi ni Waislamu. Naweza kumchinja pale pale?

Sheria ya jimbo haikuzuii kumkata koo ndege aliyeanguka akiwa bado hai. Inachotaka ni ushahidi wa jinsia ubaki. Texas, kwa mfano, dume lazima abaki na mguu wenye kucha ya nyuma, au kipande cha ngozi chenye manyoya ya kifua na ndevu. Kwa hiyo chinja, lakini usimnyonyoe na kumkatakata msituni. Hukumu ya aliyekufa kwa risasi kabla hujamfikia ni ya kumuuliza sheikh wako.

Naweza kuwauzia jirani nyama?

Kuuza nyama ya porini ni marufuku. Kugawa bure ni halali, lakini majimbo kadhaa yanataka karatasi yenye jina lako, namba ya leseni na tarehe isindikize nyama.

Nimewinda jimbo jingine, narudi naye nyumbani.

Sawa, kama kila kitu kilifuatwa kule. Beba tagi na namba ya ripoti. Kama hakikufuatwa, kuvuka mpaka kunaligeuza kosa la jimbo kuwa la serikali kuu, chini ya Lacey Act ya mwaka 1900.

## Mambo ya pembeni

Wanatembea uani kwetu kila asubuhi, hata hawaogopi gari. Nimkamate mmoja?

Hili huulizwa kuliko yote, na tunaelewa kwa nini. Jibu ni hapana: kumnasa kwa wavu, mtego au mikono ni kosa, na kufyatua bunduki karibu na nyumba ni jingine. Pennsylvania inataka yadi 150 kutoka nyumba ya mtu, New York futi 500, isipokuwa mwenye nyumba amekubali. Sheria ya mji inaweza kukataza kabisa.

Nimempiga akaangukia shamba la jirani.

Acha bunduki, nenda ukaombe. Katika majimbo mengi huna haki ya kuingia kumfuata. Akikataa, piga simu kwa askari wa wanyamapori.

Gari limemgonga. Naweza kumchukua?

Usimweke kwenye buti kwanza. Pennsylvania mkazi anaruhusiwa, mradi aripoti ndani ya saa 24 na kupewa kibali. Kwingine inategemea.

Nikifungiwa leseni jimbo moja, nahamia jirani?

Karibu majimbo yote yamo kwenye mkataba wa kupashana habari za wavunja sheria za wanyamapori. Ukifungiwa Ohio, Kentucky itaona.

Nimepiga jike kwa makosa. Nifanye nini?

Usimwache vichakani. Kumtupa ni kosa la pili, na mara nyingi ndilo linaloadhibiwa zaidi. Mfunge tagi kama jimbo lako linavyosema, usimkate, piga simu kwa askari wa wanyamapori wa kaunti kabla hujaondoka hapo, na umweleze ulivyo. Huenda ukatozwa faini na ndege akachukuliwa. Namba ya simu ya askari imechapishwa nyuma ya kijitabu; iingize kwenye simu yako usiku wa kuamkia uwindaji, maana msituni mtandao huwa dhaifu.